Mwongozo kamili wa kutengeneza lorica segmentata, deraya ya mabamba ya askari wa Kirumi

Deraya ya mabamba ikitundikwa ukutani hudanganya. Jicho huona chuma tu, na anayeanza hukimbilia kununua bati na mkasi. Kumbe chuma chenyewe ni kazi nyepesi kuliko kinavyoonekana: vipande vingi ni vyembamba, vimenyooka, na hupindwa kwa mikono mitupu. Kinachowashinda watu ni ngozi iliyofichika ndani. Kanda za ngozi ndizo zinazobeba mabamba yote 40 na kuamua kama mvaaji ataweza kuinama na kuokota mkuki wake. Ribiti, yaani pini za kuunganishia zinazogongwa ncha, zikikosewa mahali pake, chuma kilichong'arishwa wiki nzima kinabaki pambo la ukutani. Ndiyo maana hapa tutapita haraka kwenye ukataji na kutua kwenye vipimo, ribiti na mabega.

Chagua deraya moja, usichanganye

Jina "lorica segmentata" si la Warumi wa kale. Lilibuniwa na wasomi wa karne ya 16. Vazi lenyewe lilitumika tangu mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo hadi karne ya 3 baada yake, na katika muda huo lilibadilika. Aina ya zamani inajulikana kwa mabaki ya Kalkriese, Ujerumani, panapohusishwa na maangamizi ya jeshi la Varus, jemadari wa Kirumi, mwaka 9 baada ya Kristo. Hapo ndipo mwaka 2018 ilipofukuliwa deraya iliyokaribia kuwa kamili. Aina ya baadaye, yenye viungo vichache na vikubwa, inaitwa Newstead, kwa jina la ngome ya Uskoti ilikopatikana mwanzoni mwa karne ya 20.

Katikati yake kuna aina ya Corbridge, na hiyo ndiyo tutakayoitengeneza. Mwaka 1964, huko Corbridge, karibu na Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, lilichimbuliwa sanduku la mbao lililojaa zana, na ndani yake mlikuwa na vipande vya deraya kadhaa. H. Russell Robinson, mtaalamu wa silaha za kale katika ghala la silaha la Tower of London, alivitumia vipande hivyo kuonyesha jinsi deraya ilivyounganishwa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikisia kwa kutazama sanamu kama zile za Nguzo ya Trajan mjini Roma, na wachongaji hawakuwa mafundi chuma.

Corbridge A ina jozi 8 za mabamba ya mbavu, na sehemu ya juu hushikana na ya chini kwa mabizimu na kanda. Corbridge B ina jozi 7, na badala ya mabizimu hayo hutumia kulabu. Hapa tunafuata A. Ukichukua bawaba za Corbridge ukazipachika kwenye kola ya Newstead, chuma kitakaa mwilini vizuri tu, ila kikundi chochote makini cha maigizo ya historia kitakurudisha nyumbani. Kama una kikundi, ulizia kanuni zao kabla ya kukata chochote: wengine huigiza mwaka mmoja maalumu, na aina ya deraya inafungwa na mwaka huo.

Mabamba 40

Deraya ina robo nne zinazotenganishika: kola ya kushoto na ya kulia pamoja na mabega yake, na mbavu za kushoto na za kulia. Kwa kila upande:

– mabamba ya mbavu 8;
– bamba la kifua 1, bamba la kola 1 linalopita juu ya bega, na mabamba ya mgongo 3;
– bamba kuu la bega, lenye vipande 3 vilivyoungwa kwa bawaba;
– mabamba madogo ya bega 4.

Hayo ni 20 kwa upande. Viungo vya shaba ni bawaba 8: kila upande mbili za kola na mbili za bamba kuu la bega. Kuna mabizimu 6: moja kifuani, moja mgongoni, na manne ya kushikanisha kola na mbavu. Vitanzi vya kufungia kamba mbele na nyuma, ukiweka kimoja kila ncha ya bamba la mbavu, ni 32.

Malighafi ya chuma ni bati bapa la chuma laini lisilopakwa zinki, unene milimita 1. Penye kuuza kwa geji, yaani namba ya unene wa bati, geji 20 ni karibu milimita 0.9 na geji 18 ni karibu 1.2. Geji 18 inavutia kwa ugumu wake, ila inaongeza zaidi ya kilo moja na kupinda kunakuwa vita. Mabamba yote yanachukua kama mita za mraba 0.85, kwa hiyo nusu ya shiti ya futi 4 kwa 8 inatosha pamoja na mabaki. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Hivyo mabamba yatakuwa kilo 6.7 hivi, na ukiongeza shaba na ngozi unafika kilo 7 na ushei.

Usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba mno, na zinki yake ikipata moto hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana.

Shaba njano: kipande cha sentimita 30 kwa 60, unene milimita 0.8. Za asili zilikuwa nyembamba zaidi na zilikatika sana. Kwenye vipande vya Corbridge kuna mahali bawaba ilivunjika na mabamba yakaribitiwa moja kwa moja ili kazi iendelee. Hakuna haja ya kuiga udhaifu huo.

Ngozi: ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene milimita 2.5 hadi 3, sehemu ya mgongo. Ngozi ya tumbo inanyumbuka, na deraya iliyofungwa kwayo itashuka kidogo kidogo kila msimu. Unahitaji kanda zenye upana wa sentimita 2.5, jumla ya mita 6, ila kata mita 8.

Ribiti za shaba za milimita 3. Hesabu: kanda za mbavu 48, vitanzi 64, bawaba 64, mabega 36, mgongo 12, mabizimu 24. Hizo ni 248. Nunua 300, maana zitakazopinda hazitakuwa chache. Nunua pia washa za shaba za kuweka upande wa ngozi, na skrubu 80 za milimita 3 pamoja na nati zake. Skrubu hizo hazibaki kwenye deraya, lakini bila hizo kazi haiendi.

Zana: mkasi wa bati wa kushoto na wa kulia, tupa, jiriwa, drili na biti ya milimita 3.2, nyundo ya chuma ya gramu 200, nyundo ya mpira, senta panchi, kipande cha reli au fuawe, na bomba au gogo lenye kipenyo cha sentimita 15.

Vipimo huchukuliwa juu ya nguo

Kosa la kwanza, na ndilo ghali kuliko yote, ni kupima mwili mtupu. Askari alivaa kanzu fupi ya sufu, na juu yake vazi nene la ndani liitwalo subarmalis. Shona vazi hilo kwanza: kitani au sufu tabaka kadhaa, na mabegani ongeza mito yenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Mito hiyo si anasa. Mabega ya binadamu yameteremka, na kola ya deraya inataka mahali palipo karibu na usawa. Bila mito kola huanguka kwa nje, mabamba ya kifua yanapandana chini ya koo, na uzito wote unakaa kwenye mfupa wa shingo.

Ukishavaa, vuta pumzi mpaka mwisho, mwenzako akupime kifua, kiuno na nyonga. Tuseme kifua ni sentimita 104. Nusu yake ni 52. Toa moja ili mbele na nyuma ibaki nafasi ya sentimita moja, na bamba la mbavu la juu litakuwa na urefu wa sentimita 51. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuokoa ukikonda, na ndiyo inayozuia ncha kugongana unapojikunja. Mabamba ya kiunoni hupunguzwa kufuata kipimo cha kiuno. Mawili ya mwisho huongezwa tena kufuata nyonga.

Upana wa bamba la mbavu uwe milimita 55, na kila moja lifunike lililo chini yake kwa milimita 18, kama vigae vya paa. Mabamba 8 ni milimita 440. Toa mifuniko 7 ya milimita 18, yaani 126, unapata kimo cha milimita 314. Linganisha na mwili: ukingo wa juu uwe vidole vinne chini ya kwapa, na ukingo wa chini usiguse mapaja ukiwa umeketi. Kama kimo hakikubali, badilisha upana wa mabamba na uache mfuniko kama ulivyo.

Kadibodi

Deraya yote ikatwe kwanza kwa kadibodi ngumu, mabamba yote 40, na iunganishwe kwa utepe wa kitambaa na gundi. Watu huona huu ni mchezo wa watoto, wanairuka, halafu wanarudi kununua shiti ya pili.

Mabamba ya mbavu ni mistatili tu, pembe zake zikiwa zimeviringwa kidogo. Kola ndiyo ngumu. Bamba la kifua lianze na mstatili wa sentimita 13 kwa 16, kisha pembe ya ndani ya juu ikatwe mviringo kufuata shingo. Bamba la kola ni kipande kifupi kilichopinda kama mundu mpana, kinachounganisha bamba la kifua na bamba la juu la mgongo. Mabamba ya mgongo yana upana wa sentimita 6 au 7 na hufunikana kwenda chini. Bamba kuu la bega hupita kutoka mbele hadi nyuma, likifunika nusu ya nje ya kola. Madogo ya bega yana upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 38 hivi, ncha zake zimepunguzwa mshazari. Vyote hivi ni vipimo vya kuanzia, na vitabadilika kufuata bega la mvaaji.

Vaa kadibodi ufanye mambo manne: inua mikono juu, vuka mkono wa kulia mbele ya kifua mpaka ushike bega la kushoto, inama uguse goti, keti kwenye kiti kifupi. Kadibodi inapojikunja, chuma kitakwama. Inapochoma kwapa, chuma kitakata. Rekebisha, vaa tena. Ikikubali, ivunje, na kila kipande kiandikwe namba na upande wake: hivi ndivyo violezo vyako.

Kukata na kupinda

Chora kwa kiolezo, kisha kigeuze kwa ajili ya upande wa pili. Kuna anayemaliza siku na kola mbili za kushoto. Si mjinga, alisahau kugeuza. Kata milimita moja nje ya mstari, malizia kwa tupa, na pembe zote ziviringwe. Kisha pitisha kidole kwenye kila ukingo, polepole: makali yaliyobaki yatakula ngozi kutoka ndani, na hutayaona mpaka ukanda ukatike. Gonga namba ya bamba kwa nukta za senta panchi upande wa ndani.

Kupinda mabamba ya mbavu hakuhitaji moto. Shika ncha mbili, likandamize bamba juu ya bomba, sogeza kidogo, kandamiza tena. Chuma hurudi nyuma kikiachiliwa, kwa hiyo pinda zaidi ya unavyotaka. Lakini usitafute nusu duara. Kifua cha mtu kimebonyea mbele na nyuma, na mpindo mkali uko ubavuni. Bamba lililopindwa nusu duara kamili hubana mbavu na kuacha mwanya mbele ya tumbo unaotosha mkate mzima. Weka sehemu ya katikati ipinde sana, theluthi za mwisho ziwe karibu bapa.

Kingo tatu hukunjwa. Ukingo wa shingo, kwenye bamba la kifua, bamba la kola na bamba la juu la mgongo, hukunjwa kwenda nje kwa milimita 4 au 5. Ukingo wa juu wa bamba la kwanza la mbavu, chini ya kwapa, na ukingo wa chini wa bamba la mwisho hukunjwa kwenda ndani ili visikate. Wa shingo ndio wenye taabu, kwa sababu chuma kinalazimika kunyumbuka kwenye mviringo. Kabla ya kugonga, lainisha ukingo huo kwa tupa kisha kwa msasa, maana kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Gonga kidogo kidogo kwenye ukingo wa fuawe, ukizunguka mviringo wote mara tano au sita, kila mzunguko ukiongeza pembe kidogo. Anayetaka kumaliza kwa mzunguko mmoja atapata ufa katikati.

Bawaba, vitanzi na mabizimu

Shaba huwa ngumu kadiri unavyoigonga, na baada ya mikunjo miwili hupasuka. Ilegeze kwanza: ipashe moto mahali penye kivuli mpaka iwe nyekundu hafifu ya kufifia, iache kidogo, itumbukize majini. Ikifika rangi ya chungwa umepitiliza, nayo itavunjika kama biskuti.

Kwa bawaba, kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 4.5 na urefu wa sentimita 7. Kunja ukingo wa kila kimoja kuzunguka msumari wa milimita 2.5, kisha kata meno: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili, yaingiliane bila kulegea. Ncha ya mbali ikatwe umbo la majani ya mviringo, ambalo ndilo alama ya Corbridge. Weka ribiti nne kila upande. Pini ni waya wa shaba au chuma uliogongwa ncha zote mbili. Bawaba ikikaza kabla ya kufungwa haitalegea yenyewe baadaye. Ichezeshe kwa mafuta mpaka iteleze.

Kitanzi ni ukanda wa shaba wa milimita 15 kwa 60, uliokunjwa kuzunguka msumari wa milimita 6 na kuribitiwa kwa ribiti mbili. Yote yakae kwenye mstari mmoja, sentimita 1.5 kutoka ncha ya bamba. Mabizimu yanaweza kukatwa kwa shaba ya milimita 2 au kununuliwa. Haya ni madogo na hayastahili kukupotezea mwezi.

Jaribio la skrubu

Toboa matundu ya bawaba na vitanzi, uvifunge kwa skrubu. Kwa kanda za ngozi, toboa chuma tu. Ngozi usiiguse bado. Chukua kanda za kitambaa kigumu au mabaki ya ngozi, ukusanye deraya nzima kwa skrubu na uvae. Rudia yale mambo manne ya kadibodi. Hapa unaweza kusogeza tundu bila hasara. Baada ya ribiti, kila kosa ni kukata kichwa kwa tindo na kuanza upya.

Ukiridhika, fungua kila kitu na ung'arishe sasa, kwa msasa namba 120, kisha 240, kisha 400. Baada ya ngozi kuingia hutafika tena sehemu zilizofunikana. Paka mafuta pande zote, kisha paka nta ya nyuki upande wa ndani.

Ngozi na ribiti za mbavu

Hapa ndipo deraya inapozaliwa au kufa, na tundu moja ndilo linaloamua.

Kila nusu ya mbavu ina kanda tatu za wima: moja karibu na vitanzi vya mbele, moja ubavuni, moja karibu na vitanzi vya nyuma. Kila bamba hushikwa kwa ribiti moja kwa kila ukanda, na ribiti hiyo ikae milimita 10 kutoka ukingo wa JUU wa bamba.

Kwa nini juu? Fikiria mabamba mawili. La juu limefunika la chini kwa nje. Ukingo wa juu wa bamba la chini umeingia katikati, kati ya bamba la juu na ukanda wa ngozi. Ukiinama, bamba la chini linapanda ndani ya mfuko huo mpaka likutane na ribiti ya bamba la juu. Ribiti ikiwa karibu na ukingo wa juu, kuna nafasi ya kama sentimita 2 ya kupanda, mara saba. Ribiti ikiwa katikati ya bamba, nafasi inakuwa milimita chache, na mvaaji anasimama kama aliyemeza mchi. Wengi huweka ribiti katikati kwa sababu huko inaonekana na inapendeza. Ukiona deraya ambayo mwenyewe anainama kwa magoti badala ya kiuno, tazama ribiti zake.

Kwa kuwa ribiti hiyo hukaa chini ya bamba jingine, kichwa chake kiwe bapa, kisizidi unene wa milimita 1. Chenye kuba kitachubua bamba la juu na kuacha mstari wa kijivu.

Nyosha ngozi kabla ya kuitumia. Ilowanishe, itundike usiku kucha na uzito wa kilo 5, ikauke, kisha ipake mafuta ya wanyama. Usipoinyosha wewe, deraya itainyosha, na mabamba yataachana ubavuni mpaka kanzu ionekane.

Anza na bamba la juu kabisa. Weka mabamba yakiwa yamepindwa tayari, juu ya gogo au mtungi wenye umbo la mwili. Usiribiti mezani yakiwa bapa, kwa sababu ukanda uliofungwa kwenye ubapa utakuwa mrefu au mfupi ukishapinda. Ribiti bamba la kwanza kwenye kanda zote tatu. Weka la pili chini yake kwa mfuniko wa milimita 18, shikilia kwa klempu, toboa ngozi kupitia tundu la chuma kwa msumari mkali uliochongoka. Pitisha ribiti kutoka nje, weka washa juu ya ngozi, kata mkia ubaki milimita 3 hadi 4. Ukibaki mrefu, hupinda badala ya kutandazika. Kichwa kikae juu ya fuawe, mkia ugongwe kwa nyundo ndogo: mapigo mengi mepesi ya kuzunguka, wala si matatu makubwa. Washa isimame bila kuzunguka, na ngozi isikatike chini yake.

Fanya ukanda wa ubavuni wote kwanza, toka juu hadi chini, ndipo wa mbele na wa nyuma. Huo wa ubavuni unashika kimo, na mingine inaufuata. Kanda za mbele na za nyuma ziwe na ulegevu wa milimita 2 kati ya ribiti na ribiti, kwani huko ndiko mwili hujikunja zaidi.

Kola na mabega

Mabamba matatu ya mgongo hushikwa kwa kanda mbili fupi, kwa kanuni ileile ya ribiti za juu. Bawaba huunga bamba la kifua, la kola na la juu la mgongo kuwa upinde mmoja.

Bega lina kanda tatu. Ya mbele huanzia kwenye bamba la kifua, ya kati kwenye bamba la kola, ya nyuma kwenye bamba la juu la mgongo, zikiribitiwa karibu na ukingo wa upande wa mkono. Zote zinapita chini ya bamba kuu la bega, zinalishika, kisha zinashuka kwenye madogo manne. Kila dogo huingia chini ya lililo karibu na shingo. Ribiti hapa pia hukaa karibu na ukingo wa upande wa shingo, kwa sababu ileile.

Urefu wa kanda hizi haupimwi mkono ukiwa umelegea. Inua mkono wa mvaaji mpaka usawa wa bega, uyasukume mabamba yaingiliane bila kukwama, kisha uteremshe mkono uone yanavyofunguka kama feni. Mfuniko usipungue sentimita 1 mkono ukiwa chini. Ukanda wa kati ndio unaobeba uzito. Wa mbele na wa nyuma uwe mrefu kidogo, la sivyo bega zima litapanda kuelekea sikioni kila mkono unapokwenda mbele.

Mwisho ribiti mabizimu. Yale manne ya wima yasikaze sana: kola inatakiwa ining'inie mabegani, nazo mbavu zining'inie kwenye kola.

Kuvaa, na mambo yanayoharibika

Mgongo hufungwa kabla ya kuvaa. Deraya huvaliwa kama koti: mikono inaingia, bizimu la kifuani linafungwa, kisha kamba ya ngozi inapitishwa vitanzi vya mbele. Anza kukaza kutoka juu kushuka, na kwenye mabamba mawili ya chini acha nafasi ya kidole.

Kola ikipandana kooni, tatizo huwa mito ya mabega. Iongeze kabla ya kugusa chuma. Bawaba ikipinda, angalia kama bamba la kola limepindwa kufuata bega; likiwa bapa, mzigo wote unakuja kwenye pini. Bamba moja la mbavu likichomoza nje, ribiti yake ya ubavuni iko chini kuliko wenzake.

Kutu huanza mahali pawili: chini ya shaba, kwa sababu shaba na chuma vikikutana na unyevu chuma ndicho kinacholiwa, na chini ya ngozi, kwa kuwa asidi ya magome huacha alama nyeusi kwenye chuma. Jasho la siku moja linatosha. Baada ya kuivua, tenganisha robo nne, futa kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta mepesi kati ya mabamba kwa brashi, na uzitundike kwenye hewa mpaka asubuhi. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ingali na joto la mwili. Kwa kuhifadhi muda mrefu, laza robo zikiwa zimepindika kwa upande wa mgongo juu ya kitambaa cha sufu kilichopakwa mafuta, wala usizitundike kwa kanda: ngozi inayobeba kilo 7 msumarini miezi sita itaongezeka urefu hata kama uliinyosha vizuri.